Mbwa anayeachiwa bila kamba njiani: mwenye mbwa anawajibika hadi wapi?

Mama Wawili, Dar es Salaam

Ndugu zangu, habari za wakati huu. Naomba ushauri wenu katika jambo ambalo limetusumbua kwa muda mrefu mtaani kwetu, na naamini wengi wenu mnalo huko mliko. Tunaishi pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam, katika eneo ambalo nyumba zenye uzio na geti zimechanganyika na nyumba zisizo na uzio wowote, na barabara yetu ya vumbi ndiyo njia ya wanafunzi wa shule ya msingi, ya waendesha bodaboda, ya wauza mboga na ya wazee wanaokwenda kuswali alfajiri. Jirani yetu mmoja anafuga mbwa watatu wakubwa. Mchana kutwa hufungiwa bandani, na usiku hufunguliwa ili walinde nyumba. Lakini saa 11 alfajiri, gari linapotoka, geti huachwa wazi, na tangu hapo hadi mlinzi atakapowarudisha bandani barabara inakuwa yao.

Kila tunapolalamika tunajibiwa kwamba mbwa hao hawajawahi kumng'ata mtu. Mwenye nyumba ni muungwana, tunasalimiana vizuri na msibani tunakaa pamoja, lakini akiona mtu amesimama kwa hofu hutokeza kichwa getini na kusema kwa sauti, "Msiogope, hawa hawang'ati, wanacheza tu." Siku chache zilizopita mmoja wao alimrukia mwanangu wa darasa la pili. Mtoto alianguka chali na begi lake mgongoni, mbwa akawa juu yake anamnusa uso, na alipoinuliwa alikuwa na mkwaruzo mrefu kwenye mkono, chini ya kiwiko, unaotoa damu kidogo. Hakuna aliyeweza kusema kama ulikuwa wa kucha, wa jino au wa changarawe. Tuliuosha, tukapaka dawa ya kidonda, na sasa unakauka. Lakini mtoto hataki tena kupita njia hiyo. Anazungukia barabara kubwa ambako malori ya mchanga yanapita kwa kasi, na mimi kila asubuhi nabaki na wasiwasi hadi nipate habari kwamba amefika shuleni.

Siandiki haya kwa kuwachukia mbwa. Nyumbani kwa wazazi wangu tulifuga, na najua kwamba mbwa ni mnyama mwenye utu wake. Ninachotaka kujua ni kama nina haki ya kumwambia jirani kwamba mbwa wake asitoke nje ya geti bila kushikwa kwa kamba, hata kama kweli ni mpole, na kama sheria ya nchi yetu inasema lolote kuhusu jambo hili. Pia nisaidieni: mkwaruzo wa namna ile unahitaji chanjo, au nimwache mtoto apone kawaida?

Mganga wa Mifugo, Morogoro

Dada yangu, pole sana kwa yaliyompata mtoto. Nianze na lile lisiloweza kusubiri. Mpeleke hospitali leo, hata kama kidonda kinakauka na hata kama siku kadhaa zimeshapita. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, mkwaruzo wa mbwa uliochana ngozi na kutoa damu huwekwa katika kundi la hatari kubwa, sawa na jeraha la kung'atwa, kwa sababu mbwa hulamba kucha zake na mate ndiyo yanayobeba virusi vya kichaa cha mbwa. Mweleze daktari tarehe ya tukio, mahali jeraha lilipo na yote unayoyajua kuhusu mbwa huyo; yeye ndiye atakayeamua kuhusu chanjo na kama pia inahitajika sindano ya kinga ya haraka inayochomwa kuzunguka kidonda. Ugonjwa huu kwa kawaida hukaa mwilini miezi miwili au mitatu kabla ya kujitokeza, na wakati mwingine hadi mwaka, na ndiyo maana kidonda kilichokauka hakituambii chochote. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufariki.

Kwa wengine wanaosoma hapa, jeraha lolote la mbwa lioshwe papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 nzima. Dakika 15 ni muda mrefu kuliko watu wanavyodhani. Mtoto atalia, na mwoshaji atatamani kuacha baada ya dakika mbili, lakini uoshaji huo peke yake huondoa sehemu kubwa ya virusi. Baada ya hapo ipakwe dawa ya kuua vijidudu, si pilipili, si mafuta ya taa, si majani yaliyotwangwa, wala manyoya ya mbwa yaliyochomwa, kisha safari ya kwenda kituo cha afya ianze.

Jambo jingine la haraka ni mbwa mwenyewe. Asiuawe, wala asihamishwe kupelekwa shamba. Mbwa aliyemjeruhi mtu hufungiwa na kuangaliwa kwa siku 10 tangu siku ya tukio, kwa sababu mbwa ambaye tayari anatoa virusi katika mate yake huugua na kufa ndani ya muda huo. Akizimaliza siku hizo akiwa mzima, anakula na ana tabia yake ya kawaida, daktari anaweza kusitisha chanjo za mtoto zilizobaki. Ila matibabu huanza mara moja bila kungoja siku hizo zitimie. Mara nyingi ninafika mahali na kukuta mbwa ameshapigwa hadi kufa na kutupwa jalalani, na hapo familia inabaki gizani. Akifa mwenyewe, aitwe afisa mifugo ili sampuli ya ubongo ipelekwe Wakala ya Maabara ya Veterinari. Mwombe pia jirani yako kadi ya chanjo ya mbwa wale watatu. Mbwa huchanjwa kwa mara ya kwanza akifikisha miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka, na mwenye mbwa makini anajua kadi hiyo iko wapi.

Sasa nijibu swali lako la msingi. Ndiyo, una haki ya kudai kamba, na upole wa mbwa hauiondoi haki hiyo. Maneno "hawang'ati" huwa ya kweli hadi siku yanapoacha kuwa kweli, na karibu kila mwenye mbwa aliyewahi kung'ata mtu alikuwa akiyasema siku moja kabla. Mbwa hatendi kwa tabia yake tu. Hutenda pia kwa kile anachokiona mbele yake. Mbwa yule yule anayelala miguuni pa bwana wake akimwona mtoto anakimbia huku akipiga kelele, au pikipiki inapita kwa kasi, silika ya kuwinda humwamka kabla mtu hajapata muda wa kumwita. Wakiwa watatu pamoja hali hubadilika zaidi, kwa kuwa mmoja akianza kufukuza wengine humfuata, na kila mmoja huchochewa na mwenzake. Ongeza kwamba hao wa jirani yako wameshinda bandani mchana kutwa, hawajazoezwa kukutana na watu wageni, kisha wanafunguliwa wakati wa giza na kufundishwa kwamba kila anayesogea ni adui. Mbwa wa namna hiyo hawezi kutofautisha saa 10 usiku ya mwizi na saa 11 alfajiri ya mwanafunzi.

Mtoto wako afundishwe asikimbie. Asimame wima, mikono iwe ubavuni, asimkazie mbwa macho, anyamaze, na mbwa akitulia aondoke taratibu kwa kurudi nyuma au kwa ubavu. Begi lake anaweza kulitanguliza kifuani kama kinga. Akiangushwa, ajikunje, afunike shingo na masikio kwa mikono. Najua tumezoea kuinama kama mtu anayeokota jiwe, na mbwa wengi wa mitaani hukimbia wakiona hivyo, lakini mbwa wa ulinzi aliyefundishwa kukabili anaweza kulichukulia tendo hilo kuwa shambulio, na mtoto aliyeinama uso wake unakuwa usawa wa mdomo wa mbwa.

Mfugaji wa Arusha

Nimesoma kwa makini, na ninampa pole dada kwa yaliyomkuta mtoto wake. Hata hivyo naona mjadala unaelekea kumfanya mbwa kuwa mshtakiwa, na ningependa upande wake nao usikike. Ninafuga mbwa na ninatembea nao kila jioni. Mbwa ni mnyama wa kukimbia; ukimweka bandani mwaka mzima na kumtoa kwa kamba fupi dakika chache, unamharibu akili. Nimeona kwa macho yangu kwamba mbwa aliyefungwa kamba na kuvutwa shingo kila anapomwona mwenzake hujenga hasira ambayo mbwa huru hana, kwa sababu anashindwa kukwepa na anashindwa kusogea. Katika miji yetu hakuna viwanja vilivyotengwa ambako mbwa anaweza kukimbia bila kumsumbua mtu, na sisi tunaopenda wanyama wetu tunalazimika kuamka kabla ya jua ili tupate sehemu tupu.

Pia tuseme ukweli kuhusu wanadamu. Watoto huwarushia mbwa mawe wakiwa nyuma ya uzio, vijana huwachokoza kwa fimbo kupitia tundu la geti, na mbwa anakumbuka. Halafu malalamiko yakizidi, suluhisho ambalo watu hulikimbilia ni sumu au risasi, na wanaokufa ni wale wapole wanaokubali chakula kutoka kwa kila mtu. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ipo ili mnyama asiteswe na asinyimwe mahitaji yake ya asili, na kumfungia mbwa maisha yake yote hakuwezi kuitwa ustawi.

Na je, mbwa koko? Hata majirani wote wakinunua kamba kesho, bado mitaa itajaa mbwa wasio na mwenyewe, ambao ndio hasa wenye kichaa. Kwa nini mzigo wote abebeshwe yule aliyejitokeza kumlisha na kumchanja mbwa wake?

Mganga wa Mifugo, Morogoro

Ndugu yangu wa Arusha, umesema mambo mawili ya kweli na moja ambalo sikubaliani nalo kabisa.

Ni kweli kwamba kamba inayovutwa kwa nguvu humfanya mbwa awe na hasira. Dawa yake ni kumzoeza tangu mdogo, hasa kati ya wiki ya tatu na ya kumi na nne ya maisha yake, akutane na watoto, wazee wenye bakora, wanawake wenye mitandio, baiskeli na kelele za gari, ili asiviogope ukubwani. Kamba ya mita moja na nusu au mbili iliyolegea mkononi, na mbwa anayetembea ubavuni pako, si mateso. Ukimtaka akimbie, tumia kamba ndefu ya mita 10 katika shamba lililovunwa au kiwanja ambacho hakina watu, na umfundishe kurudi anapoitwa. Asiyerudi kila anapoitwa, hata akiwa ameona paka, huyo hajawa tayari kuachiwa. Na ni kweli kwamba kumfungia bila matembezi ni ukatili. Lakini jibu la banda dogo haliwezi kuwa barabara ya umma. Jibu ni muda wa mwenye mbwa, na asiyekuwa na muda huo afuge mmoja badala ya watatu, au asifuge.

Nisilokubali ni hilo la mbwa koko. Tafiti zilizofanyika Tanzania zimeonyesha mara kwa mara kwamba sehemu kubwa ya mbwa wanaozurura wana mwenyewe. Jioni wana nyumba wanayorudi na jina wanaloitwa. Tunawaita koko kwa sababu mwenyewe hataki kuonekana siku ya malalamiko, ilhali siku ya kampeni ya chanjo watoto wake huja wakimvuta kwa kipande cha kanga. Hii ni habari njema, kwa maana mbwa mwenye mwenyewe anaweza kuchanjwa. Ukichanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo, kichaa hukosa njia ya kusambaa. Pemba ni mfano wetu wa karibu: kwa kampeni za kuchanja mbwa kijiji kwa kijiji ugonjwa ulikatika mwaka 2014, ukaingizwa upya mwaka 2016, na ukakomeshwa tena mwaka 2018. Kuua mbwa hovyo hakujawahi kuleta matokeo hayo, kwa sababu nafasi ya aliyeuawa hujazwa haraka na watoto wa mbwa ambao hawana chanjo. Hivyo tuko pamoja katika kukataa sumu na risasi.

Kuhasi nako kunasaidia. Dume aliyehasiwa hazururi sana kufuata jike, na jike aliyefungwa kizazi havuti kundi la madume mbele ya geti lako. Ni upasuaji mdogo na wa kawaida.

Mkazi wa Ngamiani, Tanga

Assalaam alaykum na habari za mchana kwa wote. Ningependa kuongeza jambo ambalo wachangiaji hawajaligusa, na ambalo sisi wa pwani tunaliishi kila siku. Kwa sisi tunaofuata madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa na unyevu wake ni najisi nzito, na mahali palipoguswa huoshwa mara saba, moja kati ya hizo ikiwa kwa udongo. Mzee anayetoka nyumbani kabla ya alfajiri, ametawadha, amevaa kanzu safi, akirukiwa na mbwa mwenye pua iliyolowa, hata kama mbwa huyo anacheza na hana ubaya wowote, imembidi arudi nyumbani akaoshe na abadilishe nguo, na swala ya jamaa inaweza kuwa imempita. Mwenye mbwa ataona hakuna kilichotokea, kwani hakuna damu wala kidonda. Kwa mzee yule kimetokea kikubwa.

Nasema haya bila kumlaumu mbwa. Dini yetu imeruhusu mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba, na sote tulifundishwa chuoni kisa cha mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji kiatu chake na kumnywesha mbwa aliyekuwa akila udongo kwa kiu, Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Kumtesa mnyama huyu ni haramu. Lakini ruhusa ya kumfuga huambatana na wajibu wa kumzuia asiwaudhi watu, na kwetu haki ya njia ni jambo lenye uzito. Kuondoa udhia njiani ni sehemu ya imani.

Naongeza pia habari ya ufukweni. Siku hizi watu huwaleta mbwa pwani jioni na kuwaachia, na baadhi huacha kinyesi pale pale watoto wanapocheza mpira peku. Mbwa wana safura zao, na mabuu ya minyoo hiyo yakiingia kwenye ngozi ya mguu hutembea chini yake na kuacha mstari mwekundu unaopinda na kuwasha usiku kucha. Mjukuu wangu alikuwa nao kwenye unyayo. Kumbe mfuko mmoja wa kuokotea ungetosha kuzuia yote hayo.

Msafiri, Leeds

Nawasalimu kutoka Uingereza, ninakoishi na familia yangu. Nataka kuwaeleza kwa kifupi jinsi jambo hili linavyoshughulikiwa huku, si kwa sababu kila cha huku ni bora, ila kwa sababu msingi wa sheria zao unajibu swali la dada moja kwa moja. Chini ya Sheria ya Mbwa Hatari ya mwaka 1991, kosa ni mbwa yeyote, wa aina yoyote, kuwa nje ya udhibiti kwa namna ya hatari, na mtu akiwa na sababu ya kuamini kwamba mbwa atamjeruhi, hilo linaweza kutosha hata kama hakung'atwa. Tangu mwaka 2014 sheria hiyo inahusu pia ndani ya nyumba na uani, si barabarani tu. Kwa maneno mengine, sheria haingoji damu. Hofu yenye sababu ya mpita njia inahesabiwa.

Mbwa akiwa mahali pa umma lazima avae ukanda wa shingoni wenye jina na anwani ya mwenyewe, na tangu Aprili 2016 mbwa wa England wanawekwa chini ya ngozi kifaa kidogo chenye namba inayomtambulisha mmiliki. Hapa ndipo ninapoona tofauti kubwa na kwetu. Kwetu mbwa akimdhuru mtu, mjadala wa kwanza ni kama mbwa huyo ni wa nani, na kila mtu anamkana. Huku mjadala huo haupo. Hata hivyo kamba si lazima kila mahali. Kuna bustani ambamo mbwa huachiwa wakimbie, na kuna sehemu, hasa karibu na malisho ya kondoo, ambako kumwachia ni kujitafutia kesi. Nami kama mzazi nasema bado watu wanang'atwa, na bado nasikia sauti ile ile ya mwenye mbwa akiwa mbali akipaza, "Hana ubaya huyo." Binti yangu alipokuwa mdogo alikuwa akipanda kwenye benchi kila anaposikia kengele ya ukanda wa mbwa, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama naye anapenda kuchezewa.

Mama Wawili, Dar es Salaam

Nawashukuru nyote kwa moyo wangu wote, na wazee wangu shikamooni. Tumetoka hospitali, mtoto ameanza chanjo na tumepewa tarehe za kurudi. Mlinzi wa jirani ameniambia kwa siri kwamba mmoja wa wale watatu hana kadi. Mbwa aliyemwangusha mtoto bado yuko hai na anakula. Sasa naomba mnisaidie katika njia ya kulipeleka jambo hili. Sitaki kuanza na polisi, kwa maana huyu ni jirani na tutaendelea kuzikana. Lakini pia sitaki kuambiwa tena kwamba wanacheza tu.

Mzee Balozi, Dodoma

Marahaba, mwanangu, na Mungu ampe mtoto afya. Niliwahi kuwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa kwa miaka kadhaa, na mashauri ya mbwa yalikuwa mengi kuliko ya mipaka ya viwanja. Nakueleza ninavyoyajua.

Nenda kwanza kwa jirani, lakini usiende peke yako na usisimame getini. Nenda na mzazi mwingine ambaye mtoto wake anapita njia hiyo hiyo, na ikiwezekana mzee mmoja wa msikitini au kanisani anayeheshimika naye, mketi, mumweleze kwa utulivu. Mpelekee cheti cha hospitali akione. Mtu anayekataa maneno mara nyingi hunyamaza akiona karatasi yenye jina la mtoto na tarehe tano za sindano, au nne, kwa kadiri walivyowapangia. Usimwombe awaondoe mbwa, kwa kuwa hapo atajitetea kuhusu wizi na mtatoka bila jambo. Mwombe mambo ambayo hawezi kuyakataa mbele ya watu: mbwa waingizwe bandani kabla geti halijafunguliwa alfajiri, wakitoka wawe mkononi mwa mtu mzima kwa kamba, wote watatu wachanjwe, na yule aliyemwangusha mtoto afungiwe hadi siku 10 zitimie. Suala la gharama za hospitali liseme waziwazi pia. Ni zako kuzidai, na wengi hulipa bila ubishi wakiombwa kwa heshima.

Akikataa, andika barua fupi kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, nakala kwa mtendaji na kwa afisa mifugo wa kata, ukitaja tarehe, saa na mahali, na majina ya walioshuhudia. Malalamiko ya mdomo hupotea. Barua yenye muhuri wa kupokelewa haipotei. Afisa mifugo ana kazi yake kisheria katika Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003, na habari kwamba kuna mbwa asiye na chanjo aliyeko pamoja na mbwa aliyemjeruhi mtu si ya kupuuzwa naye. Uliza pia katika halmashauri yenu kuhusu sheria ndogo za ufugaji wa wanyama mjini, kwa sababu hizo hutofautiana kutoka halmashauri moja hadi nyingine na ndizo zenye faini za papo kwa papo.

Yote hayo yakishindikana, ujue kwamba mlango wa polisi upo na si uchokozi kuugonga. Kifungu cha 233 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinamhesabu kuwa mkosaji mtu ambaye kwa uzembe unaoweza kumdhuru mwenzake ameacha kuchukua tahadhari dhidi ya hatari inayoweza kutokana na mnyama aliye mikononi mwake. Hakisemi mnyama mkali, wala hakisemi awe ameshang'ata. Jirani yako ameshaambiwa zaidi ya mara moja, mbele ya watu, na mtoto ameanguka. Hawezi kusema hakujua. Wakati wa uenyekiti wangu nilikuwa nikikisoma kifungu hicho kwa sauti katika kikao, polepole, kisha naacha kimya kidogo, na mara nyingi hatukuhitaji kwenda mbali zaidi.

Jambo la mwisho ni huyo mlinzi. Mara nyingi tunazungumza na mwenye nyumba ilhali anayeshika ufunguo wa banda alfajiri ni kijana ambaye hajalala usiku kucha na hakuna aliyemwambia kwamba kuwarudisha mbwa ni kazi yake kabla ya kufungua geti. Katika kikao chenu na jirani ombeni naye aitwe, aambiwe mbele yenu na bosi wake, na anunuliwe kamba tatu imara pamoja na kifaa cha kufunga mdomo kwa yule mkubwa. Bila hivyo mtakubaliana sebuleni, na kesho saa 11 geti litafunguliwa vile vile.